Mbege Si Pombe

Elerai, Arusha
22 Januari 2024

Kaka Yoeli,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi Lydia mmeamka salama na mgongo wake umetulia. Sisi huku tunapumua. Mvua hii isiyojua msimu imeozesha mlango wa jiko langu, na fundi niliyemwita amekuja kuuangalia mara tatu kama anayeposa.

Nimekupigia simu mara sita tangu Mwaka Mpya, na mara sita umekata. Basi nimenunua daftari kama mtoto wa shule. Barua hii ataibeba jirani yako Nancy, maana kila Jumatano anashusha ndizi zake sokoni Kwa Mrombo na jioni anarudi na magunia matupu. Hakuniuliza kitu, ila macho yake yaliuliza.

Najua kinachokuuma. Mwanao Daniel alikuja kwenye mnada wa mavuno kanisani amelewa, akanunua jogoo, mkungu wa ndizi na mbuzi wa mwinjilisti bila senti mfukoni, na washarika wote wakamjua ni mtoto wa nani. Ni aibu, sikatai. Lakini Jumanne iliyopita, hapa kwangu, alianguka sakafuni akakakamaa, povu mdomoni. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaruka ukuta. Sasa amelazwa hospitali ya serikali. Daktari ameniambia kwamba mtu aliyekunywa kiasi hicho kwa miaka sita akiachishwa ghafla nyumbani anaweza kufa. Ule ushauri wako wa kumfungia ghalani siku tatu na Biblia, kaka, ungetuletea msiba.

Wodini wataitoa pombe mwilini kwa siku kumi hivi. Baada ya hapo anatakiwa akae soba, zile nyumba za watu wanaoacha ulevi na unga, kwa miezi minne. Ndiyo naanza kuzitafuta. Ninakuomba kitu kimoja tu: njoo umwone. Hajakutaja, lakini kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo.

Mdogo wako,
Sabina


Nkoaranga
18 Februari 2024

Mdogo wangu Sabina,

Bwana Yesu asifiwe. Barua niliipata Jumatano ile ile, nimechelewa kujibu kwa ajili ya shughuli za usharika. Lydia ni mzima, mgongo ni ule ule. Ng'ombe wa kahawia amezaa dume, kwa hiyo nimeongezewa mdomo wa kulisha. Upepo umelaza migomba kumi na minne upande wa mtoni.

Kuhusu kijana. Unaniandikia kana kwamba amepatwa na ugonjwa. Malaria ni ugonjwa. Malaria mtu haifuati baa akailipia. Marehemu baba alikunywa mbege ya ndizi na ulezi maisha yake yote, akafa na miaka themanini na miwili, jembe likiwa bado na udongo wake. Hakuwahi kuhitaji nyumba ya kufundishwa kuacha. Vijana wenu wa mjini wanakunywa vitu vya chupa vilivyopikwa viwandani, halafu mnataka sisi tuite daktari.

Siku ya mnada ni mimi niliyeshika kipaza sauti. Wewe hukuwepo. Nilimsikia mwanangu akipandisha bei dhidi yake mwenyewe, nami mzee wa kanisa nikalazimika kusema, "Laki mbili mara ya kwanza." Watu walicheka mpaka mchungaji akaanzisha wimbo.

Sitakuja hospitali. Namtumia mkungu wa ndizi za kupika. Usimwambie umetoka kwangu.

Kaka yako,
Yoeli


Elerai
10 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Ndizi zimefika, zimepikwa, na Daniel alipouonja mtori wa kwanza akasema, "Hizi ni za upande wa mtoni." Kwa hiyo siri yako ilidumu kijiko kimoja.

Marehemu baba alifika themanini na miwili, ni kweli. Ungemalizia basi habari yake: tulivyokuwa tukilala kwenye migomba na mama siku akirudi vibaya.

Nimezunguka mji huu mpaka soli ya kiatu imeachia. Kwanza nilimpeleka kwa mtumishi mmoja mwenye ukumbi na maspika. Alimmwagia mafuta kichwani, akamwambia alitapike pepo. Daniel akatapika chai na chapati, watu wakashangilia. Kisha mwanamke mmoja akaniuzia unga wa kijani wa kumtilia kwenye chai bila yeye kujua, eti atachukia pombe milele. Niliukoroga, nikakaa nikiutazama, nikaumwaga chooni. Pombe yenyewe ilimwingia kwa siri, nikaona uongo wa pili hautamponya. Halafu nikafika soba moja yenye ukuta mrefu. Msimamizi alikuwa na kipande cha mpira wa maji kiunoni, na ndani kuna mtu analia. "Hapa tunawanyoosha, mama," akaniambia. Nikamjibu kwetu tunanyoosha misumari, nikaondoka.

Ya nne ndiyo. Msimamizi wake mwenyewe alikunywa miaka kumi na minne, ana meno machache na maneno machache. Simu haziruhusiwi, wanapika kwa zamu, asubuhi wanakaa duara na kila mmoja anasema ukweli wake. Hakuniuliza dini wala kabila. Aliniuliza, "Nyumbani kwako kuna pombe?" Nikamjibu. Daniel ameingia jana na blanketi langu la maua.

Jumamosi ya kwanza ya Mei ni siku ya familia. Mzazi anakaa mbele ya mtoto wake, wanaongea. Njoo, kaka. Hata kama ni kumgombeza, njoo umgombeze uso kwa uso.

Sabina


Nkoaranga
20 Mei 2024

Sabina,

Bwana asifiwe. Mvua imetupiga vizuri, mahindi yanapanda. Yule ndama dume nimemuuza.

Jumamosi ile nilikuwa na kikao cha jimbo. Msimamizi amwelewe mtu mwenye majukumu.

Mweleze Daniel kwamba mti wake wa parachichi umezaa mwaka huu.

Yoeli


Elerai
14 Julai 2024

Kaka Yoeli,

Shikamoo. Baridi ya mwezi huu imetufanya tulale na soksi, nanyi huko juu sijui mnalala na nini.

Sasa nikueleze kwa furaha, maana si mara nyingi ninayo. Daniel amemaliza miezi yake minne. Mashavu yamerudi. Anacheka kile kicheko cha utotoni, cha kuziba mdomo kwa mkono. Mkono hautetemeki tena, na nilimwona akimtilia uzi kwenye sindano mzee mmoja wa pale kwa mara moja tu. Siku ya familia tulikaa wawili mbele yake, mimi na wifi. Ndiyo, wifi alikuja. Alikuambia anafuata dawa ya mgongo. Usimgombeze, ile ilikuwa dawa kweli. Daniel alisema, "Namshukuru mama. Kiti cha baba nakiacha hapo hapo, labda amechelewa."

Msimamizi anasema miezi ya mwanzo nje ndiyo inayoua. Asikae mahali penye pombe. Kwangu hapafai, unajua nyumba za mjini zilivyo. Nimeona aje kwenu mlimani: hewa safi, kahawa inaanza kuiva, mama yake yupo. Nakuandikia masharti kama nilivyopewa. Tone ni tone. Bia hapana, konyagi hapana, gongo ndiyo kabisa usiseme, divai hapana. Hata ile ya Meza ya Bwana, mwombe mchungaji ampe mkate peke yake. Mkimwona amekaa kimya sana, mwambieni anipigie mimi au msimamizi.

Anakuja Jumamosi. Nimemnunulia shati jeupe. Kaka, mpokee.

Sabina


Nkoaranga
11 Agosti 2024

Mdogo wangu mpenzi Sabina,

Bwana Yesu asifiwe sana. Lydia anakusalimu, mgongo umepona ghafla, madaktari waeleze wenyewe.

Daniel yupo. Sikuamini macho. Anaamka kabla yangu. Ameichuma kahawa ya upande wa juu yote, ametengeneza taa ya zizi iliyonishinda miaka miwili. Jumapili alikaa benchi langu. Mchungaji alimpa mkate tu kama ulivyosema, na hakuna aliyecheka. Ninakiri kwamba wewe ulijua na mimi sikujua. Si jambo ninalolisema mara nyingi, kwa hiyo litunze.

Masharti yako nimeyashika yote. Hakuna chupa inayovuka geti langu. Hata shemeji wa jirani alikuja na bia zake nikamrudisha barabarani.

Jumamosi ijayo wazee wa ukoo watakaa hapa kumpokea. Mtoto aliyepotea akirudi hupokewa mbele za watu, hajipenyezi nyumbani kama mwizi wa kuku. Lydia ameanika kimea cha ulezi tangu juzi, na ndizi zimeiva vizuri. Usijisumbue kupanda, ni kikao cha wazee tu. Nitakuandikia kilivyokwenda.

Kaka yako akupendaye,
Yoeli


Elerai
8 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Nancy Jumatano ile hakuwa na ndizi za kushusha, kisha akateleza kwenye ule mteremko wa kisimani akavunjika mkono, hajashuka wiki tatu, kwa hiyo barua yako nimeipata leo. Nimefurahi mpaka mstari wa tatu kutoka mwisho.

Kimea cha nini, Yoeli?

Simu ya Daniel haipatikani. Yako unakata tena.

Sabina


Nkoaranga
15 Septemba 2024

Sabina,

Bwana asifiwe. Sisi hatujambo. Kahawa bei si mbaya.

Wazee walikaa, wakambariki, kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Daniel ameshuka mjini kutafuta kazi ya umeme. Kijana wa miaka ishirini na sita huwezi kumfunga kamba. Akifika kwako msalimie.

Yoeli


Elerai
22 Septemba 2024

Yoeli,

Leo shikamoo yako utaidai siku nyingine.

Nancy amenieleza. Yeye ndiye aliyekuwa akisaidia kugawa, kabla ya kuvunjika mkono. Amesema mzee wa kwanza alionja kata ya mbege, akakupa wewe, ukaonja, ukamnyooshea mwanao. Daniel akasema, "Baba, mimi siwezi." Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mbege si pombe, ni chakula. Mtoto wa Meru ameinywa kabla ya kuota meno." Daniel akarudia kwamba hawezi. Na wewe, mbele ya wazee wote, ukamwambia, "Unanikataa hadharani mara ya pili?"

Akaipokea kwa mikono miwili, Nancy anasema, kwa heshima. Akanywa funda moja, akakurudishia. Mkapiga makofi! Jumanne iliyofuata alikuwa kilabuni barabarani tangu asubuhi. Ijumaa akauza kilo arobaini za kahawa yako na hajulikani alipo. Kazi ya umeme! Uliniandikia "kwa utaratibu" ukiwa unajua hayo yote.

Miezi minne, kaka. Miezi minne ya kuhesabu siku moja moja, ukaimaliza kwa funda moja, ili wazee wasikusengenye. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Na kinachoniua zaidi ni hiki. Usiku wa jana nilikumbuka ile barua yangu ya masharti. Nilitaja bia, konyagi, gongo, divai, mpaka ya Meza ya Bwana nikaitaja. Mbege sikuitaja. Haikunijia kichwani kabisa. Na kama barua yako ingenifikia kwa wakati, napenda kusema ningepanda huko nikapiga mayowe. Sijui. Labda ningekuuliza kama mtanitunzia galoni.

Sabina


Nkoaranga
13 Oktoba 2024

Sabina,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Lydia haongei na mimi, anapika, anaweka mezani, anatoka.

Umesema mengi ya kweli kuhusu mimi. Sasa nami nitasema ya kwako. Daniel alishuka kwako mwaka 2018 akiwa na miaka ishirini kuja kusomea ufundi umeme. Alikuwa hajui ladha ya bia. Wewe ulikuwa na grosari yako pale barazani, friji mbili na viti vya plastiki, ukamweka kaunta kila jioni ili usiajiri mhudumu. Alijifunzia pale. Chupa zilizobaki nusu, ofa za wateja, "Mpe na kijana mmoja." Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unamlipia ada. Kila barua yako unasema kwangu hapafai, mji ni mji, nyumba za mjini. Tamka, Sabina. Kwako ni baa. Yule msimamizi alipokuuliza kama nyumbani kwako kuna pombe, ulimjibu nini? Hukuandika.

Uliniletea mwanangu mlimani kwa sababu hukutaka kuifunga.

Nimemaliza. Sasa langu. Mwezi Mei hapakuwa na kikao chochote. Nilimfuata Lydia bila yeye kujua, kwa gari la nyuma yake. Nilifika getini, nikasikia sauti ya Daniel ndani, anaimba na wenzake, nikaogopa kwamba akiniona ataacha kuimba. Nikarudi nyumbani nikapalilia.

Na ile kata, wakati anainywa, niliona koo lake linavyoikimbilia. Nilijua pale pale. Ningeweza kumnyang'anya. Mkono ulikuwa karibu, hata hatua moja haikuhitajika. Nikapiga makofi na wenzangu.

Mtafute. Wewe unaijua Arusha. Mimi nikishuka ninapotea.

Yoeli


Elerai
24 Novemba 2024

Kaka Yoeli,

Shikamoo. Mpe pole wifi. Nawe pole pia, ukiipokea.

Nilimjibu msimamizi kwamba kwangu hakuna pombe. Ndivyo nilivyosema, nikiwa na funguo za friji mkobani. Sasa umeisoma kwa mkono wangu. Na kingine ambacho hata Nancy hakijui: mwisho wa Septemba Daniel alikuja kwangu, saa nne asubuhi, amekonda, lile shati jeupe halitambuliki rangi. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Hakuomba chakula. Nikakumbuka alivyokakamaa sakafuni, nikakumbuka maneno ya daktari, nikammiminia. Nilijiambia ninamwokoa na kifafa. Hospitali ipo dakika ishirini kutoka hapa, Yoeli, na mimi nilikwenda kwenye friji. Alikunywa amesimama, akaweka glasi juu ya kaunta, akanitazama mpaka nikaangalia pembeni. Akatoka.

Grosari nimeifunga tarehe tano Oktoba. Usinisifu.

Nimemtafuta wiki saba. Nimeuliza vijiweni, nimeuliza mochwari, Mungu anisamehe, nimefunuliwa nyuso za watoto wa wenzangu. Msimamizi wa mwanzo alisema hakurudi kwake. Nikaanza tena soba moja baada ya nyingine, mji mzima. Juzi nikafika kwenye nyumba moja ndogo, geti la bati, inasimamiwa na mama mmoja mnene anayeitwa Agnela. Geti lilikuwa wazi kidogo. Nikamwona Daniel. Alikuwa ameinama kwenye beseni anafua mashuka, mikono imejaa povu, amenenepa kidogo. Nikaita jina lake. Hakugeuka, lakini mikono ilisimama.

Nikamwambia Agnela mimi ni shangazi yake. Akaniambia ningoje. Akaingia, akakaa kama dakika tano, akarudi.

"Mama, nimemuuliza. Anasema hana shangazi."

Nikasema, "Basi mwambie baba yake yuko tayari kuja. Baba yake mzazi, mzee wa kanisa."

"Habari za baba nilimuuliza siku alipojileta hapa, mwezi uliopita. Alikuja kwa miguu yake, peke yake. Alisema ana mama tu, na mama asiambiwe mpaka afikishe mwaka. Wengine alisema hana. Sasa mimi siwezi kumlazimisha mtu awe na ndugu."

Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema hali ya mtu haelezwi asiye ndugu yake. Nilibaki nimesimama, sikuwa na pa kwenda. Nadhani alinihurumia, maana alipokuwa anarudisha geti alisema, "Leo amekula vizuri."

Hayo tu ndiyo niliyorudi nayo.

Sabina


Nkoaranga
8 Desemba 2024

Sabina,

Bwana asifiwe. Jumapili hii ilikuwa mnada wa mavuno. Nimewaomba wampe mtu mwingine kipaza sauti.

Yeye anataka mama yake asiambiwe, nami nimevunja hilo pia. Nilimwambia Lydia kwamba yu hai, kwamba amekula vizuri. Aliniuliza amekula nini. Nikamsomea ule mstari mara ya pili. Ndiyo mara ya kwanza ameniuliza kitu tangu Agosti.

Katika barua yako hukutaja mtaa. Nilimbana Nancy, naye hajui. Siku mbili nilikuwa na hasira, nikidhani umenificha mwanangu. Siku ya tatu nikajipeleleza mwenyewe. Nilikuwa nimeshawataarifu wazee wawili. Nilikuwa nimeshamchagua mbuzi. Nilikuwa nimeshapanga mchungaji aongee kwanza, kisha mimi, kisha Daniel asimame atusamehe mbele za watu.

Mdogo wangu, usinitajie. Nitakapokuandikia nikuombe jina la mtaa huo, nami nitakuomba, najijua, nitasema ninaumwa, nitasema Lydia anakufa, usinitajie.

Kaka yako,
Yoeli